Sukari Inayong'ang'ania

Chai i mezani, imekolea sukari, na andazi limeiva hudhurungi. Rangi hiyo hutokana na sukari kushikana na protini motoni. Mfaransa Louis Camille Maillard alilieleza jambo hilo mwaka 1912. Mwilini nako hutokea, polepole, bila moto. Sukari ikizidi damuni miaka nenda miaka rudi, hung'ang'ania protini za kuta za mishipa, zikakakamaa, na moyo ukaelemewa na kazi. Hata chembe nyekundu za damu, zinazoishi siku 120 hivi, hushikwa. Kuzipima huonyesha hali ya sukari kwa miezi 3 iliyopita. Haba na haba hujaza kibaba: leo punguza kijiko kimoja cha sukari, na ukifika kituo cha afya, omba upimwe sukari.