Msingoje Hamu

Wanangu mliofika miaka 30 na 40, nina neno nanyi. Mkiwa msibani, watazameni wanawake wa rika langu wanapoinuka mkekani. Mmoja anageuka kwanza, anapiga magoti, anaweka kiganja chini, anasikilizia goti, ndipo anasimama. Mwingine ananyoosha mkono avutwe. Mnasema ni uzee. Uzee upo, lakini sehemu kubwa ni misuli iliyokaa bila kazi miaka mingi.

Kisha kuna kukoma hedhi: kwa wengi wetu hukoma kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa hupungua uimara haraka, hasa miaka ile ya mwanzo, na misuli nayo hunywea. Joto la ghafla utalisikia mwenyewe. Mfupa haukuambii kitu mpaka uteleze bafuni, nyonga ivunjike. Hilo ndilo ninalowahofia.

Nawaona mkianza mazoezi mwezi mmoja kabla ya harusi ili sare ikae vizuri mwilini. Harusi ikipita, raba zinarudi uvunguni. Mkifika 50 tumbo linaongezeka, mizani haishuki hata mkitembea, mnakata tamaa. Achaneni na mizani. Jipimeni kwa usingizi, kwa pumzi mnapopanda ngazi, kwa kuinuka kitini bila kushika popote.

Na hamu ya mazoezi msiingoje. Mwanamke aliyeamka usiku kubadili kanga iliyolowa jasho, hiyo hamu ya alfajiri ataitoa wapi? Atakayemtoa ndani ni jirani anayegonga mlango. Wekeaneni miadi kama ya kikoba, na asiyetokea aulizwe.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamka, na siku 2 za kuipa misuli kazi ya nguvu. Hizo siku 2 ndizo mnazozisahau. Kufagia na kuosha vyombo kunasaidia, ila mfupa unataka uzito: nyanyua dumu la lita 5 lenye maji, lishushe taratibu, chuchumaa, simama. Mwenye presha au goti bovu amwone daktari kwanza. Anayeona damu baada ya mwaka mzima bila hedhi aende hospitali wiki hiyohiyo.

Mama zenu waliovuka 50 msiwaache nyuma. Misuli hujengeka hata kwa mwenye miaka 70. Waanzie kwenye kiti cha jikoni, kukaa na kusimama, kila mtu kwa kadiri anavyoweza.