Maendeleo na Shamba la Naboti

Mkatekumeni atokaye kijijini akafika Goma huona mengi ya kustaajabia. Huona taa za umeme, nyumba za ghorofa kando ya Ziwa Kivu, na maduka yaliyojengwa juu ya mawe meusi ya mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima huo uliteketeza sehemu kubwa ya mji, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Nao watu wakajenga tena. Basi husema moyoni: Haya ndiyo maendeleo. Asema kweli, lakini si kweli yote.

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, chasimulia habari za Naboti. Shamba lake la mizabibu lilikuwa karibu na nyumba ya mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka liwe bustani yake ya mboga, akaahidi kumpa Naboti shamba jingine lililo bora, ama fedha. Naboti akakataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo malkia Yezabeli alipoleta mashahidi wa uongo, Naboti akauawa kwa mawe, na mfalme akalitwaa shamba. Machoni pa watu bustani ile yaweza kuwa kitu kizuri. Machoni pa Mungu ilikuwa imenunuliwa kwa damu, naye akamtuma nabii Eliya amwambie mfalme hivyo.

Habari hiyo haikuisha pamoja na Ahabu. Tangu kale Watwa waliishi katika misitu ya Kivu, wakiwinda, wakirina asali, wakijua dawa za miti. Mwaka 1925 serikali ya Wabelgiji ilianzisha mbuga ambayo leo huitwa Virunga. Mwaka 1970 ikaanzishwa ile ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu. Watwa wa Kahuzi-Biega waliondolewa mwituni pasipo kushauriwa wala kulipwa. Ahabu alikuwa mwovu, lakini hata yeye alimwuliza Naboti kwanza.

Kuutunza mwitu na wanyama wake si dhambi, maana ni kazi ya mikono ya Mungu. Dhambi ni kumtupa mtu nje, kana kwamba yeye si kazi ya mikono hiyohiyo. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika barua yake Populorum Progressio, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli humfaa kila mtu, na mtu mzima, mwili na roho. Maendeleo yanayomwacha mmoja nje ya mlango hayajakamilika.

Tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa sahihi sheria ya Kongo ya kulinda haki za watu hao. Nayo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza mwaka 2024 kwamba Watwa wa Kahuzi-Biega walidhulumiwa. Hayo ni mema. Lakini sheria iliyo katika karatasi haimpi mtu shamba, wala haimfanyi jirani yake ampende.

Pengine mkatekumeni atasema: Mambo hayo ni ya wakubwa, mimi nina kosa gani? Basi na ajichunguze. Mtwa akimlimia siku nzima, je, amlipa sawa na wengine? Mtoto wa Mtwa akiketi karibu na mtoto wake katika mafundisho, je, afurahi au amwita wake aondoke? Mtwa akiomba maji, je, ampa katika kibuyu cha nyumbani, au amtafutia chombo kibovu?

Siku ya Ubatizo wote wawili watainama mbele ya padri, na maji yale yale yatamiminwa juu ya vichwa vyao. Atakayekubali kuoshwa kwa maji mamoja na ndugu yake, atakataaje kunywa naye katika kibuyu kimoja? Akianza hapo, maendeleo yamefika kijijini kwake, hata kabla ya umeme.