Kamba wa Nazi Ijumaa ya Kwaresima

Hivi, Ijumaa ya Kwaresima nikipika spageti za Waitalia kwa tui zito letu la nazi, kamba, kitunguu saumu na pilipili mbuzi, nimejinyima au nimejifanyia sherehe?

Kisheria niko salama. Kanuni ya 1251 inataka tuache nyama, na kamba hawahesabiwi nyama. Lakini jamani, kilo ya kamba inaipita bei kilo ya ng'ombe! Hapo nimejinyima nini hasa?

Wapo watakaosema basi pika chakula kisicho na ladha. Sikubali. Utamu si dhambi, na aliyeumba nazi ni Mungu. Shida yangu ni pesa. Mtakatifu Leo Mkuu, Papa wa karne ya 5, alihubiri kwamba tunachojinyima sisi kiwe chakula cha maskini. Sasa, mimi nikila cha bei zaidi, maskini atapata nini?

Kwa hiyo wiki hii spageti zipo, tui lipo, pilipili ipo (tena nyingi). Kamba wametoka, mchicha umeingia, na hela ya kamba imeenda kwa bibi jirani anayelea wajukuu. Mdogo wangu kanuna. Anasema sheria haidai hivyo.

Ni kweli, haidai.