Maradhi ya Zinaa na Dhana Mbaya

Imekuwa ada ya watu, wakisikia kwamba maradhi ya zinaa yameenea katika mji, kuuhukumu mji mzima kwa ufasiki. Wasafiri wa pwani wapandao bara kwa njia ya Mto wa Mbu hata Karatu na Ngorongoro husikia maneno hayo yakinenwa juu ya wenyeji, na wengine huyarudisha mwambao kana kwamba ni khabari sahihi.

Na yatazamwe yaliyoko huko huko. Chini ya mwinuko wa kupandia Karatu iko mbuga ya Ziwa Manyara, na nyani wake wameonekana na madonda katika tupu zao. Kijidudu chake ni ndugu wa kile cha kaswende, bali ki karibu zaidi na cha buba, ambayo wazee wa pwani waliijua sana. Baina ya mwaka 2015 na 2017 wataalamu walipima wanyama 289 wa jinsi 8 katika Tanzania, wakayakuta maradhi hayo mahali 11 kati ya 14, kwa nyani, na tumbili, na kima. Basi nyani si mukallafu. Hana ndoa wala zinaa. Ikiwa maradhi humpata asiyeandikiwa dhambi, kuwako kwake hakutoshi kuwa ushahidi wa uasi. Zinaa haithubutu illa kwa ukiri au mashahidi wanne waadilifu, na hesabu ya wagonjwa si shahidi hata mmoja. Tena wangapi katika hao ni wake waliotulia majumbani, wakaletewa na waume zao, na watoto waliozaliwa nayo! Mwenye kuwasingizia amekaribia kadhfu.

Lakini haya yasiwe maficho ya mwenye kuficha. Mwaka 2019 ilitangazwa khabari ya nyani majike wa Manyara, kwamba donda likionekana kwa dume au kwa jike mwenyewe, jike huzidi kujiepusha na kupandwa. Huyo ni mnyama. Na mwanadamu je, ambaye kaswende yaweza kukaa mwilini mwake miaka bila ya alama, na kipimo cha damu kipo, na dawa yake ni sindano ya penisilini?

Imamu Nawawi katika Minhaj amewapa mume na mke khiari ya kuvunja ndoa kwa wazimu, na ukoma, na barasi. Kaswende hakuitaja hapo. Walakini sitara ni ya dhambi iliyotubiwa, si ya dhara inayomwingilia mke asiyejua. Mume arudiye safari naye ana shaka juu ya nafsi yake, si halali kwake kumkaribia mkewe mpaka apimwe. Na akikutwa nayo, amwambie, ili naye atibiwe. Wala halazimiki kumtajia alikoyapata.