Je, Asiyejua Ana Hatia?

Mwaka 2020, katika mtaa mmoja wa Mombasa, palikuwa na nyumba iliyokaliwa na bibi mzee, binti yake na wajukuu watatu. Shule zilikuwa zimefungwa tangu mwezi wa Machi, na watoto walishinda nyumbani. Kila asubuhi mjukuu wa kati, mvulana wa miaka tisa, aliingia chumbani kwa nyanya yake, akampa shikamoo na kuubusu mkono wake kama alivyofunzwa tangu alipojua kusema. Mwezi wa Agosti nyanya alishikwa na homa. Pumzi zikawa nzito, na siku ya kumi akafariki. Watu wa nyumba wakapimwa. Mama hakukutwa na kitu. Mvulana na dada yake walikutwa na virusi vya korona, na wote wawili hawakuwa wamepiga chafya hata mara moja.

Matanga yalipokwisha, mvulana alimwuliza mjomba wake, "Mjomba, ni mimi niliyemletea nyanya?" Mjomba alinyamaza. Mimi nilikuwa nimeketi naye barazani, nami nilinyamaza pia. Nimelibeba swali lile miaka kadhaa, na sasa naona yafaa nijaribu kulijibu, maana si la mvulana yule peke yake.

Tangu kale mwanadamu amezoea kumtambua mgonjwa kwa alama za ugonjwa. Mwenye ndui alikuwa na vipele, mwenye kifua alikohoa, mwenye homa alitetemeka. Alama hizo zilimwonya jirani akae mbali, nazo zilimlaza mgonjwa kitandani asiweze kwenda sokoni. Hivyo maradhi yenyewe yaliweka mlinzi mlangoni. Korona ilimwondoa mlinzi huyo. Mwezi wa Februari mwaka 2020, meli ya Diamond Princess ilizuiliwa katika bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya 3,700. Waliokutwa na virusi walizidi 700, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote siku walipopimwa. Baadhi yao waliugua baadaye. Wengine hawakuugua kabisa. Mwezi uo huo, katika mji mdogo wa Vo' huko Italia, karibu wakazi wote walipimwa, na zaidi ya 40 katika kila 100 ya walioambukizwa walikuwa hawana dalili. Virusi katika pua na koo zao havikupungua kuliko vya wale waliolala wakiugua.

Kwetu Kenya, mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kati ya mwezi wa Aprili na Juni mwaka huo, wataalamu walichunguza damu iliyotolewa na watu wa sehemu mbalimbali za nchi kwa ajili ya wagonjwa hospitalini. Watoaji damu ni watu wazima wenye afya. Asiyejisikia vizuri hakubaliwi kutoa damu. Walakini katika damu yao, kama mtu mmoja katika kila 20 alikuwa na alama za kinga zionyeshazo kwamba virusi vilikwisha kupita mwilini mwake. Wengi wao, bila shaka, hawakupata kujua kwamba walikuwa na mgeni.

Hapa haki yadai tuseme jambo moja. Asiye na dalili kabisa aghalabu huambukiza watu wachache kuliko mgonjwa, kwa kuwa hakohoi wala hapigi chafya. Lakini hupumua, huzungumza, huimba, hucheka. Na yule ambaye dalili zake zitatokea kesho kutwa aweza kuambukiza leo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hana dhara, wala kwamba yeye ndiye dhara lenyewe.

Jambo hili halikuanza na korona. Mwanzo wa karne ya ishirini alikuwako huko New York mpishi aliyeitwa Mary Mallon, mhamiaji kutoka Ireland. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu na mpishi hodari, na nyumba za matajiri zilimgombania. Lakini katika nyumba nyingi alizopika, watu waliugua homa ya matumbo. Mwaka 1907 wakuu wa afya walimkamata, wakampima, wakaona kwamba vijidudu vya homa hiyo vimo mwilini mwake ijapokuwa yeye ni mzima. Wakamtenga katika kisiwa kidogo. Yeye hakukubali hata kidogo. Alijiona mzima, basi angeaminije kwamba mikono yake, iliyokuwa imewashibisha watu, ndiyo iliyowaua?

Mwaka 1910 aliachiliwa kwa sharti asipike tena. Alifanya kazi ya kufua nguo, yenye ujira mdogo kuliko ule aliouzoea. Mwaka 1915 alikutwa akipika, kwa jina la uongo, katika hospitali ya wazazi. Watu 25 walikuwa wameugua, na wawili wamekufa. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1938.

Tumpime mwanamke huyu mara mbili, maana alikuwa watu wawili. Mary wa kabla ya mwaka 1907 alileta madhara, lakini hakuwa na hatia. Hakukusudia wala hakujua, na katika siku zile ni wachache waliojua kwamba mzima aweza kuambukiza. Alikuwa sababu ya maradhi kama upepo ulivyo sababu ya moto kuvuka kutoka paa hadi paa, na upepo haushtakiwi. Mary wa mwaka 1915 alikuwa mwingine. Alikwisha kuambiwa. Aliweza kukataa kuamini, lakini hakuweza tena kusema kwamba hakusikia. Na mtu achukuaye jina la uongo ili aingie jikoni, moyoni mwake analo jambo analolificha.

Hata hivyo siwezi kumhukumu bila kuwahukumu wakuu wake. Walimnyima kazi aliyoijua, wala hawakumpa nyingine ya kumlisha sawasawa. Wabebaji wengine wa homa ile walipatikana katika mji uo huo, na hawakutengwa kama alivyotengwa yeye. Jamii ikimwambia mtu mzima, "Acha riziki yako kwa ajili yetu," basi riziki hiyo imekuwa deni la jamii. Tuliliona jambo hili hapa kwetu mwaka 2020. Mwenye mshahara wa mwezi alipoambiwa akae nyumbani, alikaa. Mama auzaye mboga kando ya njia alipoambiwa vivyo hivyo, aliwatazama watoto wake, na jioni akatoka na kikapu. Nani atathubutu kumwita mkosefu? Nilisikia wengine wakimwita hivyo, nao walikuwa wameshiba.

Wahenga walisema kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Watu wengi huitumia methali hii kama udhuru: aliyejikwaa gizani asilaumiwe. Ni kweli, asilaumiwe. Lakini aliyekwisha kuambiwa kwamba ni usiku hatembei kama atembeavyo mchana, ingawa bado haoni kitu. Kwa maoni yangu hapo ndipo wajibu wa asiye na dalili unapoanzia. Hajui kama ana virusi. Wala hatakiwi kujua lisilojulikana. Alijualo ni kwamba aweza kuwa navyo bila kuvihisi, na hilo latosha kumfanya avae barakoa mbele ya mzee, afungue dirisha, aahirishe ziara. Aliyefanya hivyo, na dhara likatokea vilevile, ana huzuni lakini hana hatia. Asiyefanya, na dhara lisitokee, amebahatika tu, wala asijisifu.

Wako watakaouliza: je, tuishi basi kwa kumshuku kila mtu? Palikuwa na ubaya mwingi wa namna hiyo. Watu waliotoka karantini walikimbiwa na majirani, na kuna waliozikwa usiku kama wahalifu. Mimi naona shaka ya namna hii imeelekezwa mahali pasipo pake. Maarifa ya kwamba mzima aweza kuambukiza yalipaswa kumfanya mtu ajishuku yeye mwenyewe kwanza, kwa kuwa alikuwa na uwezo sawa na jirani wa kuwa mbebaji. Avaaye barakoa kwa kumwogopa jirani na avaaye kwa kumhurumia huonekana sawasawa njiani; tofauti yao huonekana jirani anapougua.

Sasa nirudi kwa mvulana. Kwanza, hakuna ajuaye kama ni yeye. Yawezekana nyanya aliambukizwa na mgeni aliyekuja kumjulia hali, kisha watoto wakaambukizwa naye. Kipimo huonyesha virusi vimo, hakionyeshi vimetoka kwa nani. Pili, tuseme ni yeye. Wajibu hufuata uwezo, na mtoto wa miaka tisa hana uwezo wa kupanga nani aingie chumbani na nani asiingie. Sisi watu wazima tulikuwa tumesikia habari kila jioni katika redio, nasi tuliona kwamba kumzuia mjukuu asiubusu mkono wa bibi yake ni utovu wa adabu. Tulichagua adabu. Pengine tulikosea, lakini kosa hilo, kama lipo, ni letu, na haifai kumtwika mtoto kwa sababu tu vilikutwa puani mwake.

Hilo ndilo lililokuwa jibu, nasi tulichelewa kulitoa. Mjomba alimwambia hatimaye, baada ya miezi mingi, alipomwona kijana bado anasimama mlangoni kila aingiapo nyumba yenye mzee, mikono nyuma. Alimketisha akamwambia yote, pamoja na sehemu ya kwamba hatujui. Kijana aliuliza swali moja tu: kama nyanya alijua. Mjomba akamwambia kwamba siku ya tatu ya homa, mama yao alipotaka kuwazuia watoto, nyanya mwenyewe alisema waacheni waje.

Siku hizi kijana amempita mjomba wake kwa urefu. Mwaka jana alikuwa na mafua kidogo alipokuja kumwamkia babu mmoja jirani yetu. Akasimama nje, akatoa shikamoo kwa sauti. Mzee akaitikia marahaba, akauvuta mkeka wake mpaka karibu na dirisha, na wakazungumza hivyo, mmoja ndani na mmoja nje, mpaka adhana ya magharibi.