Lawama ya Kuchelewa

Liko neno moja ambalo hutamkwa hospitalini kwa sauti ya chini, nalo lina uzito wa hukumu: amechelewa. Husemwa juu ya mwanamke aliyefika na saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuenea. Yeye mwenyewe hulisikia, na aghalabu hulikubali. Yafaa kuuliza kama hukumu hiyo ni ya haki.

Maradhi haya huja kimya. Virusi viyaletavyo huingia mwilini bila dalili, na kwa mwanamke mwenye kinga timamu huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 hata saratani itokee. Muda huo wote hausikiki maumivu, nao ndio muda ambao tiba ni nyepesi. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki iliyozimuliwa kwenye shingo ya kizazi, akangoja kiasi cha dakika moja, na mahali palipobadilika hugeuka peupe. Pakistahili, huchomwa kwa baridi au kwa joto siku ile ile, na mama akarudi nyumbani kwake. Damu ikianza kutoka ovyo, mara nyingi wakati wa tiba hiyo umekwisha pita.

Basi asemaye "amechelewa" humtaka mtu asiyeumwa akatafute tiba. Desturi ya watu tangu zamani ni kumwendea tabibu kwa sababu ya maumivu, na desturi hiyo si upumbavu. Imewafaa katika maradhi mengi. Kumlaumu mtu kwa kutoitii dalili isiyokuwepo ni kama kumlaumu bawabu kwa kutofungua mlango usiobishwa.

Wako wanaotetea haki ya kutojua. Mwili, wasema, ni wa mwenyewe, na uchunguzi huu hugusa sitara yake. Hoja hiyo haistahili kudharauliwa. Hata hivyo, mtu huweza kukataa lile tu alilokwisha elezwa, na wengi wanaohesabiwa kuwa wamekataa hawakuelezwa kamwe.

Ushuhuda wa waliopona hutumiwa sana kuwavuta wengine, na una faida, maana mwanamke humwamini jirani yake kuliko bango. Ila husimuliwa mara nyingi kana kwamba ujasiri peke yake ndio ulioponya. Nauli haitajwi, wala mume aliyeridhia, wala zahanati iliyokuwa karibu. Mwanamke wa Kigoma mwenye ujasiri ule ule yuko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa pekee nchini Tanzania kutoa tiba ya mionzi, kabla Bugando ya Mwanza haijaanza.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka malengo matatu ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe, na asilimia 90 ya watakaoonekana na ugonjwa watibiwe. Katika mahubiri ya afya lengo la tatu husikika kwa nadra. Lakini anayewaita wanawake kwa kipaza sauti waje kupimwa amejitwika deni kwa kila atakayeonekana na ugonjwa. Akimpa mmoja wao barua ya kwenda hospitali ya mbali, bila nauli, na mama yule akafika huko baada ya miaka miwili, haielekei kuwa mgonjwa ndiye aliyechelewa.