Thamani ya Stempu

Je, kitu huwa na thamani kwa sababu ni adimu, au kwa sababu kilifanya kazi yake? Swali hili nimelitafakari kupitia stempu, ambazo nimezikusanya tangu utotoni.

Katika miaka ya 1960 sisi watoto wa Mwanza hatukununua stempu. Tuliziomba kwa makarani na walimu, tukaloweka vipande vya bahasha katika bakuli la maji hadi gundi ilegee, kisha tukazianika juu ya gazeti. Aliyekuwa na mbili zilizofanana alibadilishana na mwenzake, bei haikutajwa. Nyingi zilikuwa na majina ya Kenya, Uganda na nchi yetu kwa pamoja, kwani posta ilikuwa moja kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Ninazozipenda zaidi ni zile za Tanganyika zenye maneno "Uhuru 1961", hasa zilizogongwa muhuri mweusi. Muhuri ule ni ushahidi kwamba mtu fulani alimkumbuka mwenzake.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo yaligeuka. Nchi yetu, kama nyingine nyingi, ilitoa stempu tele kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo: dinosaria, hata Elvis Presley. Nyingi hazikupata kubandikwa kwenye barua ya mtu wa Nansio wala wa Sengerema. Siwalaumu waliozitoa, taifa lilihitaji fedha za kigeni. Lakini stempu isiyosafirisha barua ni kama mtumbwi uliochongwa ili kupamba ukuta: unapendeza, ila ziwa haulijui.

Kisha simu za mkononi zikaja, na barua zenyewe zikaadimika. Leo wanangu huniuliza albamu itauzwa shilingi ngapi. Swali si baya, maana karo hailipwi kwa kumbukumbu. Jibu ni kwamba stempu za Uhuru zilichapishwa kwa wingi, hivyo sokoni ni rahisi mno. Soko huona uadimu. Safari ya barua halioni.

Hapo, mpenzi msomaji, ndipo ugumu ulipo. Ikiwa thamani imo katika safari ile, nami ndiye pekee ninayeijua, basi nikifa kimya nitawaachia wanangu karatasi tupu. Kwa hiyo nimeanza kuandika chini ya kila stempu ninayoikumbuka: barua ilitoka kwa nani, ilikwenda kwa nani, na ilileta habari gani. Wakishasoma, wauze au wasiuze, uamuzi ni wao.